Barua ya wazi kwa Waziri wa Michezo wa Haut-Katanga: kiti cha mwandishi kisigawiwe na klabu

Mheshimiwa Waziri,

Salamu kutoka Katuba. Nimeandika mpira wa Lubumbashi nikiwa pande zote mbili: misimu miwili nikilipwa na klabu, na sasa msimu wa tatu nikijinunulia tiketi mwenyewe.

Naanza na ombi, maana najua meza yako haikosi karatasi. Viti vya waandishi katika viwanja vya serikali, kuanzia Kibassa Maliba, vigawiwe na ofisi yako pamoja na ligi, si na klabu mwenyeji.

Nilipokuwa kwenye ile klabu (siitaji, kwa sababu shida si yake peke yake) kazi yangu ilikuwa kutoa habari ya mechi saa moja baada ya filimbi ya mwisho. Siku moja tulifungwa nyumbani. Katikati ya habari niliandika: "Wachezaji waliingia uwanjani wakiwa hawajalipwa miezi miwili." Ilikuwa kweli. Asubuhi ile beki wetu mmoja alikuwa ameniomba franka za basi. Mkubwa wangu aliisoma kwenye simu, akaifuta sentensi ile kwa kidole gumba, akaandika mahali pake: "Vijana walikosa bahati." Akanirudishia simu bila neno. Sikumchukia. Klabu ina haki ya kuwa na mtu wa kuisemea, na yeye alikuwa akifanya kazi hiyo. Lakini kesho yake redio mbili za mtaani ziliyasoma maneno yale ya bahati kama habari, na wapenzi wa timu wakamtukana beki yule sokoni.

Niliondoka. Tangu hapo nimeomba kiti mara tatu, nikakataliwa mara tatu. Mara ya mwisho kijana wa mlangoni alipitisha kidole kwenye orodha, akanitazama kwa huruma: "Yaya, jina yako haiko. Banasema uliandikaka mubaya." Nikaenda kukaa jukwaa la bei ya chini. Mvua ikanyesha, nikaandika simu ikiwa ndani ya mfuko wa mkate. Ukiwa kule huwezi kusoma namba za mgongoni upande wa pili wa uwanja, na mechi ikiisha huna njia ya kumfikia kocha umuulize kwa nini alimtoa mshambuliaji.

Sisemi mwandishi wa klabu hana maana. Ana anachokijua ambacho mimi siwezi kukijua: nani alifanya mazoezi, nani anachechemea, nani amegombana na nani. Mwaka 2010, Mazembe, klabu ya hapa Lubumbashi, walipowatoa Pachuca ya Meksiko, kisha Internacional ya Brazili mabao 2-0, wakawa timu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali ya Kombe la Dunia la Klabu, nani angeisimulia safari ile ya Abu Dhabi vizuri kuliko mtu aliyelala nao hoteli moja? Ila miezi michache tu baadaye, mwaka 2011, CAF, shirikisho la mpira la Afrika, iliiondoa Mazembe katika Ligi ya Mabingwa baada ya Simba ya Tanzania kulalamika juu ya uhalali wa mchezaji Besala Bokungu. Habari ya namna hiyo inataka mtu wa pili, mtu wa kusoma kanuni, kuuliza karatasi zilipitaje na nani alisaini, bila kufikiria mshahara wake wa mwisho wa mwezi. Watu waliocheza barabarani usiku wa ushindi walikuwa na haki ya kuelezwa hilo pia.

Na sisi tunaojiita huru, Mheshimiwa, tuna ugonjwa wetu, na unaujua jina: coupage, yaani pesa anayopewa mwandishi na wale anaowaandika. Mwandishi anayepokea bahasha nyuma ya basi la timu kisha akaandika kama hana mwenyewe, huyo ananiuma kuliko yule wa klabu. Wa klabu walau amevaa nembo kifuani na msomaji anaiona. Kwa hiyo naomba jambo la pili: beji ziwe za rangi mbili, na yeyote anayelipwa na klabu, hata nauli tu, aseme hivyo juu kabisa ya habari yake. Mimi nitakuwa wa kwanza kukubali kukaguliwa.

Uwanja wa Kamalondo, uliofunguliwa mwaka 2011, ni mali ya Mazembe wenyewe. Pale naweza tu kubisha hodi. Kibassa Maliba ni wa umma. Kifungu cha 24 cha Katiba ya Kongo kinampa kila mtu haki ya kupata habari, na sheria mpya ya vyombo vya habari ya Machi 13, 2023 inatutambua hata sisi tunaoandika kwenye intaneti. Kwa hiyo sikuombi sheria nyingine. Nakuomba barua moja yenye muhuri wako, ibandikwe pale mlangoni, ili kijana yule asilazimike kunihurumia.

Niko tayari kuja ofisini kwako siku yoyote utakayonipangia, pamoja na wenzangu wa klabu. Wawili kati yao wamekwisha kuniambia watakuja.

Kwa heshima,
Mwandishi wa mpira, Katuba, Lubumbashi