Mlango wa jikoni hauna ngazi

Bwana Mhariri,

Ile habari yenu ya nyumba ya kale ya njia ya Kipushi, mliyoitoa pamoja na picha kubwa ya baraza lake, nimeisoma yote hadi nukta ya mwisho. Mwandishi wenu anasema kwamba baada ya kutengenezwa, nyumba hiyo sasa iko wazi kwa kila mtu. Gazeti lenu nalisoma tangu nikiwa mwalimu kijana. Nimekuta humo mengi ya kuudhi na nikanyamaza. Hilo la "kila mtu" limenishinda. Mimi ni mkaaji wa mji huu, nimelipa tiketi ya nyumba hiyo kwa fedha yangu, na ndani sijafika.

Polio iliniharibu miguu kabla sijaanza shule. Katika kartye, mtaani kwetu, natembea kwa kinga ya mikono, ile baiskeli ya magurudumu matatu, na nikienda mbali nachukua kiti cha magurudumu kinachokunjwa. Kwa hali hiyo nimefundisha historia sekondari mpaka nikastaafu. Nimewafundisha watoto wa Lubumbashi kwamba Union Minière, kampuni ya kuchimba shaba, ilianzishwa mwaka 1906, na kwamba mwaka 1910 reli ilipotufikia kutoka kusini mji ukaanza kupangwa. Nimewafundisha juu ya nyumba ya Brouwez, walimofungiwa na kupigwa Lumumba, waziri mkuu wetu wa kwanza, na wenzake Mpolo na Okito tarehe 17 Januari 1961, kabla ya kupelekwa porini usiku ule ule kuuawa. Siku zote niliwaambia kwamba historia yetu haiko vitabuni peke yake, iko pia katika kuta, waende wakaitazame. Walikwenda, wakarudi, wakanisimulia. Mwalimu wa historia nimezeeka nikisimuliwa na wanafunzi wangu nyumba zenyewe zikoje kwa ndani.

Kwa hiyo niliposoma habari yenu nilifurahi kweli. Nikaenda na mtoto wa dada yangu pamoja na akina mama wa parokia. Mlango wa mbele una ngazi tatu za mawe, hakuna pa kushika, hakuna njia nyingine. Zamu, yaani mlinzi wa nyumba, akaita vijana wawili waliokuwa wakikata nyasi, akaniambia: "Tutakubeba tu, mama, hauko muzito." Alisema kwa upole na simlaumu yeye, amewekwa pale bila kufundishwa. Lakini naomba wasomaji wenu waelewe kubebwa ni nini. Mimi ni mama mwenye wajukuu. Mwanamume nisiyemjua anapitisha mikono chini ya mapaja yangu, mwingine ananishika makwapani, kitambaa kinapanda, watu wamesimama wanatazama, na wengine siku hizi wanatoa simu. Wanaobeba hawajui pa kushika. Mmoja akiteleza, anayevunjika ni mimi. Nimeshawahi kuangushwa hivyo, kwenye ngazi za jengo jingine, na bega langu la kushoto halijarudi kuwa bega. Tena nikishaingizwa, nitatoka saa ngapi? Saa watakayopenda wao. Nikitaka kutoka kwenda haja, niwaite tena walewale wawili waache nyasi zao waje wanishike mapaja? Nilikataa. Akina mama wakaingia, mimi nikabaki chini ya jakaranda na tiketi yangu mkononi. Mtoto wa dada yangu akatoka mbio kuja kunionyesha picha kwenye simu: sakafu ya vigae, kabati la vitabu, ngazi ya mbao. Nikaomba nirudishiwe fedha. Nikajibiwa kwamba tiketi ni ya bustani pia.

Nikaizunguka bustani, kwa kuwa nilikuwa nimeilipia. Na huko nyuma nikakuta jambo ambalo mwandishi wenu hakuliandika. Nyumba imejengwa kwenye mteremko, hivyo kwa upande wa jikoni ardhi imepanda hadi usawa wa sakafu. Mlango wa jikoni hauna ngazi hata moja. Ni mpana, nadhani kwa sababu ya matoroli ya kuni na makaa, na unatazamana na boyeri, vile vyumba walimolala watumishi wa nyumbani, walioitwa boyi. Nikaomba ufunguliwe. Zamu akasita, akasema: "Mama, ule mulango ilikuwa ya baboyi, bageni habapitake pale." Siku hizi jiko ni stoo ya viti vya arusi.

Bwana Mhariri, babu yangu alikuwa boyi. Alipita milango kama ule maisha yake yote akiwa amebeba sinia, na wa mbele aliuona siku za kuusugua tu. Mimi sioni aibu kuingia alipoingia babu yangu. Ningeingia kwa furaha, na ningesimama hapo jikoni kwanza, maana historia niliyoifundisha iko jikoni mule kuliko sebuleni. Ndio mlango mmoja ambao nyumba ile ingeweza kunifungulia bila kutumia hata franga moja, na umezibwa kwa viti vya plastiki.

Baadaye msimamizi alinieleza kwa adabu kwamba nyumba ni urithi, haiguswi, sheria inakataza. Najua tuna sheria ya mwaka 1971 ya kulinda mali za utamaduni. Lakini ukuta wa upande wa bustani umetobolewa kwa ajili ya mashine mbili za kupoza hewa, na barazani wamejenga kaunta ya baa kwa simenti. Urithi haukulia. Unalia mtu anapoomba mbao ziwekwe juu ya ngazi. Sheria nazijua pia nyingine: Katiba yetu ya Kongo, kifungu cha 49, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kulindwa kwa hatua maalum. Mwaka 2015 nchi yetu iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu wenye ulemavu, ambao kifungu chake cha 30 kinataja waziwazi kuingia kwetu katika majumba ya makumbusho na mahali pa kihistoria. Na tarehe 3 Mei 2022 ikatoka sheria yetu wenyewe, nambari 22/003, ya haki za watu wenye ulemavu. Ninayo nakala nyumbani.

Na safari yenyewe ya kufika huko ni vita. Dereva wa taksibisi anakuona na kiti, anaongeza mafuta. Akisimama, anakudai nafasi mbili, yako na ya kiti, hata kiti kikikunjwa na kuwekwa juu ya magoti ya mtoto wako mwenyewe. Ukiteremka mjini, njia ya miguu imejaa jenereta za maduka, kwa hiyo unashuka barabarani kati ya magari. Mifereji ya mvua haina vifuniko, na mahali pa kuvuka wameweka ubao mmoja ambao hata mzima anaupita kwa kujihesabu. Viongozi wa komini wanapita hapo kila siku ndani ya magari yao, na ndiyo maana hawaoni.

Turudi kwenye nyumba. Nilipima ngazi zile kwa rula ya mtoto. Kila moja ina sentimita 17, jumla 51. Mteremko unaomfaa mtu wa kiti unataka urefu mara 12 ya kimo, yaani zaidi kidogo ya mita 6, na mbele ya baraza nafasi hiyo ipo, hata ikibaki mita moja na nusu ya kugeuzia kiti. Upana uwe mita moja, pembeni ukingo wa sentimita 10, na juu kupigiliwe vipande vya tairi kuukuu ili magurudumu yasiteleze wakati wa mvua. Uwe wa mbao, usimame kwa miguu yake wenyewe, usipigiliwe msumari hata mmoja kwenye jiwe. Wakija kupiga picha za arusi wanaweza kuuondoa, mradi waurudishe. Seremala wawili wa Kamalondo wataumaliza katika juma moja, na mchoro nimeuchora. Mwenye nyumba akiutaka, aulize kwenu, nimeufunga pamoja na barua hii. Wakati wa kusubiri mbao, wahamishe viti na kufungua jiko.

Nanyi naomba mrekebishe habari yenu, ukurasa uleule na kwa herufi zilezile, kwamba nyumba hiyo iko wazi kwa wanaoweza kupanda ngazi tatu.

Mwalimu mstaafu wa historia,
Kamalondo, Lubumbashi