Anko, kabla uforwadi hiyo voisi tena

Anko,

Habari ya huko nyumbani Mumias. Najua ungependa nikupigie tu, lakini sisi wawili tukiongea kwa simu wewe ndio huongea na mimi nasema ndio anko, ndio anko, mpaka kredo inaisha. Kwa hivyo nimeandika, na nimeandika wazi kila mtu asome, juu sidhani ni sisi peke yetu. Familia nyingi hapa Kenya ziko na anko mmoja anayeheshimiwa, anayesikizwa hata na wazee, na simu yake saa hii imejaa memi na voisi za kutukana wagombea urais wa 2027.

Ile voisi ya Jumapili uliyoweka kwa grupu ya familia niliisikiza yote. Huyo jamaa anaanza na mama ya mgombea, anaenda kwa bibi yake, anaingia mambo ya tohara, halafu anamalizia na kabila zima ati hao hawawezi kutawala hata kiosk. Nilikuwa nafua nje hapa kwetu Kaptembwa, simu nimeiweka juu ya mtungi wa maji, sauti iko juu. Jirani wa mlango wa pili ni wa kabila hilo. Alikuwa anaanika nguo za mtoto. Nikaruka kuzima na mikono imejaa sabuni, lakini alikuwa amesikia, akabana nguo ya mwisho, akaingia ndani akafunga mlango. Huyu mama ndiye hunishikia mtoto nikichelewa kazini, anko. Hajawahi kuniuliza mimi ni wa wapi.

Wewe hapo kijijini uko na watu wa kwenu tu kwa hivyo hiyo kitu ni kicheko. Hapa Nakuru ploti moja ina Mkikuyu, Mkalenjin, Mluhya, Mkisii, Mjaluo na bafu ni moja. Na usisahau vile ilikuwa baada ya uchaguzi wa 2007, huu uwanja wetu wa shoo ukajaa mahema ya watu waliofukuzwa makwao. Tume ya Jaji Waki ilihesabu watu 1,133 waliokufa nchi nzima, na Bonde la Ufa ndilo liliumia kuliko pahali pengine. Hao watu hawakuuliwa kwa sababu ya sera ya kilimo. Kulikuwa na mambo mengi ya zamani, mashamba na nini, lakini yale maneno yalisemwa kwanza, kwa mikutano, kwa redio za kilugha, kwa meseji za simu. Ndiyo maana 2008 ikatungwa sheria ya uwiano, na leo ukipatikana na hatia ya kueneza chuki ni faini mpaka milioni 1 au jela mpaka miaka 3, na kortini hawatakuuliza kama voisi ni yako ama uliforwadi tu.

Lakini hata sheria tuiweke kando. Kinachoniuma zaidi ni kwamba kwa hizo voisi zote na mapicha yote uliyotuma sijasikia hata mara moja mtu akiuliza habari ya miwa. Wewe, anko! Wewe uliyenisomesha na pesa ya miwa, ukikaa mwaka na nusu ukingoja ikomae, halafu ukingoja trekta, halafu ukingoja malipo, na ile karatasi ya tani umeikunja ndani ya Biblia ndio isipotee. Kiwanda cha Mumias kilianza kusaga 1973, tukasikia ndio kikubwa nchini, na 2019 kikawekwa chini ya mrasimu, yaani msimamizi anayeletwa na wanaodai, kwa sababu ya madeni. Mwaka wa 2025 serikali ikakodisha viwanda vyake vinne, Nzoia, Chemelil, Muhoroni na Sony, kwa kampuni binafsi kwa miaka 30. Miaka 30! Mjukuu wako wa nasari atakuwa mtu mzima na watoto. Je, mgombea wako anasema nini juu ya hiyo? Ataiacha hivyo? Ataguza? Yule mkulima ambaye kiwanda kilimla deni la miaka, nani anamlipa, kampuni mpya ama hazina? Sukari ya kutoka nje itaingia kiasi gani na nani atapewa kibali cha kuileta? Sheria ya Sukari ya 2024 ilirudisha ule ushuru wa asilimia 4 unaotozwa sukari, mkulima ataona ngapi ya hiyo?

Hayo ni maswali ya rais, si ya gavana wala MCA. Na hapa ndio huwa tunachezwa sana, mtu anasimama kwa gari anaahidi barabara ya kijiji na dispensari na nasari, na hizo zote Katiba ilishapelekea kaunti toka 2013. Rais muulize kodi. Muulize deni la nchi ambalo limepita trilioni 11. Muulize hii SHA, bima ya afya ya serikali, ambayo mwenye mshahara anakatwa asilimia 2.75 na asiye na mshahara halipi chini ya shilingi 300 kwa mwezi, akifika hospitali anatibiwa ama anaambiwa sistimu iko chini. Muulize polisi na watoto waliouawa kwa maandamano ya Juni 2024. Mgombea yeyote, wako ama wangu.

Sasa angalia vile matusi yanamsaidia. Akipanda jukwaani amtukane mwenzake dakika ishirini, sisi tunapiga makofi kama tuko Malinya kuangalia mafahali, anashuka, helikopta inaondoka, vumbi inatuingia machoni, na hakuna mtu amemuuliza kitu. Kwake hiyo ni siku nzuri sana, hajaahidi chochote tutakachomdai. Hata ule mdahalo wa tiviini umekufa hivyo. Mwaka wa 2013 wagombea wote wanane walisimama pamoja wakaulizwa. 2017 Uhuru hakuenda, Raila akajibu peke yake. 2022 Raila hakuenda, Ruto naye akajibu peke yake. Pande zote mbili zilifanya hivyo na sisi wafuasi tukawatetea, ati wangeenda kufanya nini huko. Kama mtu anaomba kazi ya kuendesha nchi na hataki intavyu, mimi hiyo peke yake ingetosha nimtoe kwa orodha yangu.

Usinielewe vibaya. Sisemi tuwaongelee wagombea kama malaika. Kuuliza mtu mali yake ameitoa wapi si matusi, Sura ya Sita ya Katiba inataka viongozi wawe waadilifu. Kusema alipokuwa waziri kiwanda fulani kilianguka mikononi mwake, kama ni kweli na uko na ushahidi, hiyo ni rekodi yake na lazima ajibu. Kusema alipigia kura mswada gani bungeni pia ni sawa kabisa. Lakini mama yake amekosa nini? Na kabila la jirani yangu limeingiaje kwa bei ya mbolea?

Kuna pia vijana. 2022 tofauti ya wa kwanza na wa pili ilikuwa kura 233,211 peke yake, na watu zaidi ya milioni 7 waliojiandikisha hawakuenda kupiga. Nikiongea na vijana wa boda hapa steji wengi wananiambia siasa ni kelele ya wazee kutukanana, wao wako bize. Wanawasikia nyinyi, anko, wanaona hakuna kitu chao hapo. Binamu zangu wako kwa hiyo grupu pia, wanasoma tu wananyamaza, na wawili wao sasa wamefika umri wa kura.

Kwa hivyo naomba kitu. Uchaguzi ni tarehe 10 Agosti 2027, na kabla ya hapo hawa watu watakuja Mumias, lazima waje, kura za Magharibi hakuna mtu anaziachilia. Wewe hukosi mikutano na sauti unayo. Toa zile karatasi za miwa kwa Biblia uzipige picha, kila moja, mbele na nyuma, unitumie kwa inbox yangu. Nitazijumlisha nikuandikie swali moja fupi lenye tani na tarehe, ulisome ukipewa maiki, na kama hawakupi maiki tutalipeleka kwa afisi yao limeandikwa na wakulima wenzako wameweka sahihi. Jibu watakalotoa, liwe la nani, ndilo uforwadi kwa grupu.

Salimia shangazi. Mwambie omena nitaileta Disemba.

Mpwa wako, Nakuru.