Maiorescu hakuwa adui wa shule

Mhariri,

Makala yenu kuhusu Titu Maiorescu wa Romania imemkata mtu mmoja vipande viwili: ujanani mhakiki wa fasihi, uzeeni mwanasiasa mhafidhina. Tarehe zinakataa. Alishika wizara ya elimu mwaka 1874, akiwa na miaka 34, na tahakiki zake za tamthilia za Caragiale (1885) na ushairi wa Eminescu (1889) zilitoka muda mrefu baada ya hapo.

Kosa kubwa zaidi ni kudai kwamba alichukia usasa. Insha yake ya 1868, iliyotoka katika Convorbiri Literare, jarida la kundi la fasihi la Junimea la mjini Iași, ilishambulia alichokiita maumbo bila kiini: kuleta shule, majumba ya sanaa na taasisi nyingine kwa kuiga Magharibi, ilhali walimu na wasanii wa kuzijaza hawapo. Afadhali kukosa shule kabisa, aliandika, kuliko kuwa na shule mbovu. Maneno makali, lakini yana mantiki: taasisi tupu huwavunja watu moyo, na siku taasisi ya kweli inapokuja, jina lake limeshachafuka.

Kama mngetazama alivyoendesha wizara, mngeona hoja hiyo ikifanya kazi. Ion Creangă, shemasi aliyefukuzwa ualimu mwaka 1872, alirudishwa darasani 1874. Mwaka uliofuata Eminescu akawa mkaguzi wa shule za Iași na Vaslui. Yaani Maiorescu alianza na watu. Muswada wake wa elimu ulikataliwa bungeni, akajiuzulu mapema 1876, na serikali ya baadaye ikamwondoa Eminescu. Huyo Eminescu alikuwa na miaka 22 tu, hana kitabu hata kimoja, Maiorescu alipomweka katika insha ya 1872 mara baada ya mshairi mkongwe Alecsandri. Kitabu chenyewe kilitoka mwishoni mwa 1883, kikihaririwa na Maiorescu huku mshairi akiwa mgonjwa.

Kama mlitaka kumlaumu, mngeanzia 1913, mwaka ambao makala imeupa sentensi moja. Akiwa Waziri Mkuu na waziri wa mambo ya nje, aliongoza mkutano wa Bucharest uliofunga Vita vya Pili vya Balkani. Mkataba wa Agosti 10 uliipa Romania Dobruja ya kusini, eneo la Bulgaria ambalo wakazi wake wengi walikuwa Wabulgaria na Waturuki, Waromania wachache mno. Mpaka ulichorwa kwanza, wananchi wa kuujaza wakatafutwa baadaye. Mhakiki wa 1868 angekuwa na la kusema. Eneo hilo lilirudi Bulgaria mwaka 1940, kwa mkataba uliotiwa saini Craiova, mji aliozaliwa Maiorescu.

Msomaji wenu