Bawaba isiyo na pini nayo inahitaji hesabu

Mhariri, pole na kazi. Naomba nafasi niongelee vifaa vinavyojipinda bila pini wala skrubu. Angalia kifuniko cha chupa ya shampuu, kile kipande chembamba cha plastiki kinachokishika ndo bawaba yenyewe, unafungua unafunga kila siku na hakikatiki. Mi nachapa vidole vya mkono bandia kwa printa ya 3D, ile inayojenga kitu tabaka juu ya tabaka, na cha kwanza kilikatika palepale kwenye kiungo siku ya pili tu, inauma sana, mtu kakivaa kafurahi halafu anakurudishia vipande viwili kwenye kiganja.

Vijana wengi wanadhani dawa ni kuongeza unene. Hapana jamani! Ukiongeza unene mara mbili ugumu wa kupinda unapanda mara nane, na kwa mpindo uleule plastiki ya nje inavutika zaidi mpaka inapasuka. Watafiti Bendsøe na Kikuchi mwaka 1988 walionyesha njia ya kuiachia kompyuta iamue wapi malighafi ibaki na wapi itolewe, mtafiti mwingine, Sigmund, akaitumia kwa vifaa hivi mwaka 1997. Ila msiiamini kichwakichwa, inapenda kuacha kiungo chembamba kama ncha ya sindano, kwenye skrini kinapendeza ila mkononi hakidumu.

Vyuo vyetu vya ufundi vifundishe hili, pamoja na kulaza tabaka za printa zifuate urefu wa kidole, maana zikikikata kiungo kwa upana zinaachana haraka.

Fundi, Morogoro