Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mwaka wa Magunia Manne

Ndugu wanachama,

Hesabu za fedha atawasomea mweka hazina. Choo cha mwaloni, hapa ufukweni tunapopokelea samaki, kimekwisha, maji bado hayajaunganishwa. Mama lishe wetu wamepima afya kama inavyotakiwa kila baada ya miezi sita, isipokuwa wachache ambao wanajijua na sitawataja mbele ya wateja wao. Muda uliobaki nautumia kwa jambo lililotugawa mwaka huu, yale magunia manne ya dagaa.

Kwa wale mliokuwa visiwani, huko Ziwa Victoria, wakati ule, ilikuwa hivi. Masika yalikuwa yamekolea, siku tatu jua halijatoka, dagaa wamelala chanjani, juu ya zile nyavu za kuanikia, wamelowa na nzi wamewafunika. Asubuhi nilikuwa napita upande wa mawe nikamkuta kijana amebeba bomba mgongoni, lile la kupulizia pamba, anapuliza chanja taratibu kama anayemwagilia mchicha. Harufu niliipata kabla sijamfikia.

"Unapuliza nini, mwanangu?"

"Dawa ya nzi, mama."

Chupa haikuwa na lebo. Imenunuliwa gulioni, ikapimwa kwa kifuniko. Mwenye mali ni mwanachama mwenzetu, tena analipa ada kwa wakati kuliko mimi. Tayari alikuwa amefunga magunia manne ya dagaa waliopulizwa kwa bomba lilelile, yanasubiri gari. Kamati ikakaa palepale mchangani, tukamwita bwana afya, magunia yakazuiliwa na baadaye yakateketezwa. Mwenzetu akala hasara, na wengi wenu mlininunia. Mmoja alinifuata hadi nyumbani: "Mwenyekiti, umemtoa mtoto wa nyumbani kwa serikali."

Naomba nijibu leo, maana siku ile nilinyamaza.

Sheria inakataza kuuza chakula chenye sumu au kisichofaa kuliwa na binadamu, na mkaguzi ana mamlaka ya kukizuia. Wengi bado tunasema "TFDA watakuja", yaani ile Mamlaka ya Chakula na Dawa, lakini tangu mwaka 2019 masuala ya chakula yamehamia Shirika la Viwango, TBS, na ile mamlaka ya zamani imebaki na dawa na vifaa tiba. Bwana afya wa halmashauri naye ana kazi yake ileile. Kwa hiyo kumwita haikuwa kumwonea mtu.

Lakini hata pasingekuwa na sheria, hebu fikirieni anayenunua. Mama anayenunua kwa sado, kile kindoo cha kupimia, pale Buzuruga hapa Mwanza, dagaa wenye mchanga atawaosha, waliooza atawanusa na kuwakataa. Dawa ile ataijuaje? Imekaukia juani pamoja na dagaa. Ataikaanga na nyanya, ampe mtoto. Hapo ndipo mnunuzi hana ujanja wowote, na hapo ndipo sheria inatakiwa isimame badala yake.

Wazee humu ndani mnakumbuka sangara walivyotutoa jasho. Mwaka 1997 ilikuwa salmonela, mwanzoni mwa 1998 kipindupindu, na 1999 habari za watu kuvua kwa sumu. Mara hiyo ya sumu taarifa zilianzia upande wa Uganda, lakini Umoja wa Ulaya haukuuliza samaki huyu ametoka mwalo gani. Mlango ukafungwa kwa nchi zote tatu za ziwa. Viwanda vilisimama hapa Mwanza, na walioumia zaidi walikuwa watu ambao hawajawahi kuishika hiyo sumu.

Tukajifunza. Leo Nyegezi kuna maabara ya taifa ya ubora wa samaki, na minofu inayokwenda Ulaya ina utaratibu wake wa kukaguliwa. Sipingi. Ila dagaa wetu wa sado, wanaoliwa Igoma, Shinyanga na Kahama, miaka yote niliyokaa mwaloni sijaona mtu akija kuwachukua sampuli. Mlaji wa ng'ambo ana maabara. Wa kwetu ana pua yake, na sisi. Hili limeniuma kuliko kununiwa, na nimelisema kwenye kila kikao nilichoitwa.

Wanaofungasha kwenye pakiti, nendeni SIDO, shirika la viwanda vidogo, mpate barua ya utambulisho. Mjasiriamali mdogo anayepitia kwao hupewa nafuu ya gharama akianza kuomba alama ya ubora TBS. Lebo iwe na jina la bidhaa, uzito, jina na anwani ya mtengenezaji, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi. Tarehe ichapwe. Pakiti niliyoonyeshwa mwezi uliopita ilikuwa imeandikwa kwa kalamu ya wino, jasho la mkono wangu likaifuta yote. Na tuache kufungia samaki wa kukaanga kwenye karatasi za mitihani. Mteja hataki kujua nani alipata sifuri ya hesabu.

Baada ya magunia manne, kamati iliamua kila gunia lishonewe kitambaa chenye namba ya chanja na tarehe ya kuanikwa, na katibu aandike daftarini. Mlilalamika kwamba ni kazi ya ziada, na ni kweli. Mwezi wa tatu tu baada ya uamuzi huo, mnunuzi mmoja wa mpakani akapiga simu kwa hasira: dagaa wana mchanga, wateja wanatafuna kokoto. Zamani tungesema si wetu. Safari hii alisoma namba, katibu akafungua daftari, akalisoma mara mbili, kisha akanitazama.

Ilikuwa chanja yangu. Wavu ulikuwa umekatika upande mmoja, vijana wakamwaga mzigo uliozidi chini kwenye mchanga, nami sikukagua. Nimemrudishia mnunuzi pesa zake, na dagaa wale wameishia kwa wafuga kuku.

Yule mwenzetu wa magunia manne ameomba mkopo wa chama anunue nyavu mpya na maturubai ya kufunikia wakati wa mvua, ili asitafute tena dawa ya nzi. Ombi lake ni ajenda ya tano leo. Mimi nitanyoosha mkono kumkubalia.