Bia Iliyoganda Ndani ya Friza: Someni Kabla ya Kushika Bisibisi

Miongoni mwa wateja wetu wa Dar es Salaam wanaotengeneza bia nyumbani, lalamiko linalojirudia kuliko yote ni moja: mtu amefungiwa kidhibiti joto, yaani kifaa kinachowasha na kuzima friza kulingana na joto, kwenye friza yake, ameingiza ndoo ya bia jioni ili itulie kwa baridi, na asubuhi amekuta barafu. Hivi karibuni bwana mmoja alifika karakanani na kidhibiti mkononi, akiwa amekwisha kukifungua mwenyewe, akatueleza mbele ya wateja wengine kwamba tumemuuzia kifaa kibovu na kwamba anataka fedha zake. Tulikichukua, tukakiunganisha na umeme, tukatumbukiza kihisi chake, yaani ncha ya waya inayopima joto, ndani ya bilauri ya maji yaliyojaa barafu iliyopondwa, na baada ya muda mfupi kioo kikasoma nyuzi 0.2. Maji yenye barafu huwa na nyuzi 0, kwa hiyo kifaa kilikuwa kizima.

Tatizo lilijulikana tulipomuuliza kihisi alikuwa amekiweka wapi. Alikuwa amekiacha kining'inie chini ya kifuniko, karibu kabisa na mpira wake wa kuzibia, mahali ambapo hewa ya friza ina joto kuliko kwingine kote, kwa kuwa hewa baridi hushuka chini. Kidhibiti kiliendelea kuiamuru kompresa ifanye kazi huku sakafu na kuta zikizidi kupoa, na ndoo yenyewe ilikuwa imeegemezwa ukutani. Isitoshe, alikuwa ameteremsha kipimo hadi nyuzi -1 ili bia iwahi kutulia kabla ya harusi ya mdogo wake.

Mbege, pombe ya ndizi, hunywewa na uzito wake, wala hakuna anayedai iwe ang'avu. Anayetengeneza lager, bia ang'avu ya kizungu, ndiye anayehitaji baridi, ili hamira na chembe nyingine zizame chini na kuwa mashapo, na kwa kazi hiyo nyuzi kati ya 0 na 2 zinatosha. Bia yenye kilevi cha asilimia 5 huanza kuganda kwenye nyuzi -2 hivi, kwa hiyo nafasi iliyopo kati ya bia iliyotulia na bia iliyoganda ni ndogo mno. Friza nayo imeundwa ifike nyuzi -18 na kushuka zaidi, na katika friza nyingi za kufungulia juu bomba za kupoozea zimezungushwa ndani ya kuta zenyewe. Ndiyo maana hewa ya katikati inaweza kusoma 0 huku ukuta ukiwa chini ya hapo kwa nyuzi nyingi, na ndoo inayougusa huanza kuganda upande huo.

Mafundi wetu hukibana kihisi kwa utepe wa gundi ubavuni mwa ndoo, usawa wa katikati ya bia, kisha hukifunika kwa kipande cha sponji ili kisome joto la bia na si la hewa. Ndoo huwekwa juu ya vipande vya mbao, mbali na kuta zote. Kwa kuwa lita 20 za bia hupoa polepole, na kompresa itanguruma muda wote huo, tunamwelekeza mteja ateremshe kipimo kwa hatua: kwanza nyuzi 10, kesho yake 5, kisha 2. Anayeruka hatua hizo huipa friza muda mrefu wa kuzipooza kuta kupita kiasi, hata kama kihisi kimekaa mahali pake.

Barafu ikishatokea, bia haijaharibika. Kinachoganda kwanza ni maji, na kilevi hubaki katika sehemu isiyoganda. Wajerumani huiondoa barafu hiyo kwa makusudi ili wapate bia kali waiitayo Eisbock. Zimeni friza, fungueni kifuniko, acheni barafu yote iyeyuke yenyewe, kisha irudisheni bia kwenye nyuzi 2. Hamira nyingi huenda ikawa imekufa, kwa hiyo anayetegemea bia ijitengenezee gesi ndani ya chupa aongeze hamira kavu ya bia kidogo siku ya kujaza. Aliyetumia chupa kubwa ya glasi aikague kwa tochi, kwa sababu maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9. Akiona ufa, aimwage bia yote bila kusita.

Hasara ya kweli huletwa na haraka. Mama mmoja wa Mbezi aliimwagia chupa yake ya glasi maji ya moto, ikapasuka ndani ya friza. Kijana mwingine alikuta ndoo imeshikana na barafu ya ukutani, akaibandua kwa bisibisi, akasikia mluzi mwembamba ambao kila fundi wa friji anaujua: bomba lilikuwa limetoboka na gesi inatoka. Bomba hilo limefunikwa na fomu, yaani povu gumu la kuzuia joto, halizibiki kwa nje. Ilitulazimu kulaza bomba jipya la shaba kwa ndani, kubadilisha draya (kichujio cha unyevu), kuvuta vakyumu, yaani kunyonya hewa yote bombani, na kuchaji gesi kwa mizani, na kwa friza yake yenye R600a, gesi inayoshika moto, hatukuweza kuwasha mwali wa kuchomelea kabla ya kuitoa yote. Gharama ilikaribia bei ya friza nyingine iliyotumika, naye aliondoka akiamini kwamba tumemlangua.

Wapo pia wanaosema kwamba kidhibiti cha namna hiyo kinapatikana Kariakoo kwa bei ndogo kuliko ada yetu ya kukifunga. Ni kweli, na anayetaka akanunue huko. Ada yetu ni ya kazi. Fundi hupitisha waya chini ya mpira wa kifuniko bila kutoboa chochote, huweka ucheleweshaji wa dakika 5 ili kompresa isiwake papo hapo umeme unapokatika na kurudi, kisha huacha ndani ndoo ya maji matupu usiku kucha kwa nyuzi 2. Maji huganda kabla ya bia. Asubuhi yakikutwa hayana hata utando wa barafu, ndipo tunapomkabidhi mteja friza yake. Aliyemwita jirani mwenye drili atoboe ukuta ili apitishe waya, tunamwomba aelewe kwamba dhamana yetu inahusu kidhibiti na ufungaji wetu, na haihusu bomba lililotobolewa na mtu mwingine.