KUH: KUMWACHA MAMA YANGU KWENYE BUSTANI YA MAUA YA KEUKENHOF, UHOLANZI, SIKU YA GWARIDE LA MAUA

Kwa Mkurugenzi,

Naandika kwa heshima, ingawa nyinyi hamkutupa heshima hiyo. Masharti ya safari zenu mnayajua, sitayanakili hapa. Naanza na mlango wa basi lenu, wakati wa kurudi.

Tulikuwa tumebakisha hatua chache kulifikia. Kiongozi wenu wa msafara alimtazama mama yangu, anayetembea na mkongojo, akamwambia mbele ya abiria wote: “Mama, watu hamsini hawawezi kusubiri miguu yako.” Kisha mlango ukafungwa.

Mlitangaza, tena kwa Kiswahili, “Keukenhof na gwaride kwa siku moja, wazee karibuni.” Gwaride hilo hufanyika kila mwaka Jumamosi moja ya Aprili, likitoka Noordwijk hadi Haarlem, kama kilomita 42, na hupita pale Lisse mbele ya bustani yenyewe. Barabara hufungwa. Kampuni inayouza safari ya maua inawezaje kushangazwa na hilo? Tulikwama kwenye msongamano hadi saa iliyoandikwa kwenye tiketi zetu za kuingilia ikapita, na tukaanza kubembeleza langoni kama watu wasiolipa. Ndani kuna hekta 32 na tulipu na maua mengine yapatayo milioni saba. Mama aliona kipande kidogo tu, kwa sababu kiti cha magurudumu mlichoahidi kuweka nafasi hakikuwa na jina letu, na tulipokipata muda ulikuwa umekwisha. Halafu mkaukata na ule uliobaki: tuliambiwa basi litaondoka saa kumi na moja, mkaiwahisha saa hiyo kwa ujumbe wa simu ulioingia tukiwa tunarudisha kiti.

Mama amekata waridi kwenye mashamba ya Naivasha tangu mimi nikiwa shule ya msingi. Maua ya huko hupandishwa ndege Nairobi na mengi hunadiwa kwenye mnada wa maua wa Aalsmeer, hukohuko Uholanzi, si mbali na mlipomwacha. Alitaka, mara moja maishani, kuona watu wakiyafurahia maua badala ya kuyahesabu kwenye ndoo. Alipoona magari ya gwaride yaliyofunikwa kwa maua ya haiasinti, alinishika mkono akauliza ni nani aliyeyapanga kwa uvumilivu huo. Huyo ndiye mliyemfungia mlango.

Na narudia, maana kwenye simu mlinijibu kwamba “basi lilikuwa limeshaondoka.” Halikuwa limeondoka. Mlango ulifungwa, basi likasogea kidogo likasimama, kwa sababu foleni ya magari ilikuwa haitembei. Mama akalifuata na mkongojo wake, akabisha mlangoni kwa kiganja. Akasema, “Mwanangu, nifungulie, niko hapa.” Kiongozi wenu, kijana anayeweza kuwa mjukuu wake, alimwona kupitia kioo akageuza uso. Mama akabisha tena. Watu walikuwa wakitutazama kutoka madirishani. Kati ya hao watu hamsini, hakuna hata mmoja aliyechelewa kwa ajili ya miguu ya mtu, basi lilikuwa limesimama! Na mkoba wake wenye dawa za presha ulikuwa ndani ya basi hilo.

Tulirudi kwa basi la Leiden, tumebanwa, kisha treni hadi Rotterdam na nyingine hadi Antwerp. Tulifika usiku. Mama hakuzungumza njia nzima. Mkoba aliuleta abiria mwenzetu, si nyinyi.

Nilipopiga simu mara ya kwanza niliomba tu nauli ya treni. Mkanipa kuponi ya punguzo. Sasa nataka nauli hiyo, fedha zote za safari kwa watu wawili, na barua ya kumwomba mama radhi, kwa Kiswahili, iliyosainiwa na Mkurugenzi mwenyewe. Kiongozi yule asipewe tena msafara wenye wazee. Na lile tangazo la “wazee karibuni” liondolewe leo.

Nawapa siku 14. Zikipita, malalamiko haya yataenda Kituo cha Walaji cha Ulaya (kinachotetea wateja) hapa Ubelgiji, kwa kuwa nyinyi mmesajiliwa Ujerumani, pamoja na video aliyoichukua abiria akiwa ndani ya basi. Itaenda pia kwenye makundi yote ya Waafrika Mashariki mnakotafutia wateja. Mama anarudi Kenya mwisho wa mwezi, na barua yenu ya radhi lazima imkute hapa.

Mteja wenu,
Antwerp